Takhti: mwenye nguvu aliyejua kupisha

Wahenga wetu walituusia kwamba mwenye nguvu mpishe. Maana yake ni wazi. Asiye na ubavu asishindane na mwenye misuli, asije akavunjwa mbavu bure. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza upande wa pili wa usia huo? Mwenye nguvu naye, je, ampishe nani?

Hili ndilo swali linalowakera wazazi wengi wa hapa pwani, kijana anapoomba ruhusa kwenda kujifunza karate, judo au mieleka. Mzazi huhofia kwamba mwanawe atarudi nyumbani na ngumi iliyokomaa na adabu iliyopungua. Hofu hiyo si ya bure. Kila mtaa una kijana wake aliyejifunza mateke mawili matatu, kisha akawa ndiye mwamuzi wa kila ugomvi, hata ule usiomhusu.

Badala ya kubishana, msomaji mpenzi, leo twatazama maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na nguvu kupita karibu watu wote wa zama zake, na aliyepewa heshima zaidi kwa nguvu alizozizuia kuliko zile alizozitumia. Jina lake ni Gholamreza Takhti, mpigana mieleka wa Tehran, Uajemi.

KITINDA MIMBA WA KHANIABAD

Takhti alizaliwa tarehe 27 Agosti mwaka 1930 katika mtaa wa Khaniabad, kusini mwa Tehran. Kusini mwa mji ule ndiko walikokaa makabwela: wachukuzi, wenye viduka vidogo na vibarua wa kila namna. Yeye alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao.

Baba yake alikuwa na mahali pa kuhifadhia barafu. Zama hizo kabla ya mafriji kuenea, barafu ya majira ya baridi iliwekwa chini ya ardhi, ikauzwa wakati wa joto. Biashara hiyo iliwapa riziki, lakini baadaye mali ikapotea na nyumba ikaingia katika dhiki. Kijana Gholamreza akaacha masomo kabla ya kuyamaliza, akatoka kutafuta kazi. Alifika hadi Masjed Soleyman, huko kusini magharibi ambako mafuta ya Uajemi yalivumbuliwa mwaka 1908, akafanya kibarua kwa ujira mdogo.

Basi mtu huyu hakulelewa katika raha. Nguvu zake hazikutokana na vyakula vya kitajiri wala walimu wa kukodiwa. Zilitokana na kazi za sulubu, na nyumba moja ya ajabu iliyokuwa ikipatikana katika kila mtaa wa miji ya Uajemi.

NYUMBA YA NGUVU

Nyumba hiyo huitwa zurkhaneh, maana yake nyumba ya nguvu. Ni taasisi ya zamani sana, na hadi leo ipo. Mnamo mwaka 2010 Shirika la UNESCO liliyatia mazoezi yake katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mlango wa zurkhaneh hujengwa mfupi makusudi. Yeyote aingiaye hana budi kuinama, awe waziri au hamali. Kabla hajagusa chombo chochote cha mazoezi, amekwisha jifunza somo la kwanza kwa mgongo wake mwenyewe.

Ndani mna shimo la pembe nane, kina chake kama mita moja, ambamo wanaume hushuka kufanya mazoezi. Kando ya shimo, mahali palipoinuka, hukaa mtu aitwaye murshid. Huyu ana ngoma na kengele. Hupiga ngoma na kuimba mashairi ya Firdausi, ya Saadi na ya Hafidh, na wale walio shimoni huufuata mwendo wake. Akienda polepole nao huenda polepole. Akiharakisha, nao huharakisha. Hakuna anayejiendea kwa matakwa yake.

Zana zao ni za kale. Kuna magogo mawili ya mbao mfano wa michi ya kutwangia, ila manene na mazito mno, ambayo huzungushwa mabegani. Kuna ngao mbili za mbao ambazo mtu huziinua akiwa amelala chali. Kuna uta wa chuma wenye mnyororo mzito, ambao hutikiswa juu ya kichwa. Kisha kuna kuzunguka kama pia katikati ya shimo, mmoja baada ya mwingine.

Lakini kilicho muhimu zaidi ni taratibu. Mtu hazunguki kabla ya kuomba ruhusa. Masharifu hutangulizwa, kisha wakubwa kwa umri na ujuzi, na mwanagenzi hungoja zamu yake hata kama ana nguvu kuwashinda wote. Mtume (S.A.W.) husaliwa, Sayyidna Ali hutajwa kwa ushujaa na ukarimu wake, na mwisho wa mazoezi huombwa dua.

Ukitazama kwa makini, utaona jinsi mambo hayo yanavyomfinyanga mtu. Kijana wa miaka kumi na minane ana damu moto. Humo ndani hufundishwa kungoja, na kungoja ni nusu ya subira. Huangushwa na waliomtangulia, mbele ya macho ya watu, jioni baada ya jioni, mpaka aibu ya kuangushwa imtoke. Mtu asiyeogopa kuangushwa hana haja ya kuonea wanyonge ili ajione mkubwa. Kadhalika, kila siku hukabidhi shingo na mkono wake kwa mwenziwe, naye hukabidhiwa za mwenziwe. Hapo hujua kwa vitendo kwamba kiungo cha mtu ni amana.

Waajemi wana neno kwa tabia hiyo: javanmardi. Sisi tungesema muruwa, au uungwana. Na mfano wanaoupenda kuliko yote ni wa Pahlawan Mahmud wa Khiva, aliyeishi zaidi ya miaka mia sita na hamsini iliyopita, na ambaye wao humwita Pourya-ye Vali. Husimuliwa kwamba usiku wa kuamkia pambano kubwa alimsikia mama mmoja akimlilia Mungu kwamba mwanawe ashinde. Mwana huyo ndiye aliyekuwa mpinzani wake wa kesho. Pahlawan Mahmud, ambaye hakuna aliyeweza kumwangusha, akajiachia akaangushwa mbele ya umati. Hicho ndicho kisa walichokua nacho vijana wa Khaniabad.

NISHANI ZA DUNIA

Mwanzoni Takhti hakuonyesha dalili za kuwa bingwa. Alijiunga na klabu ya Pulad, chini ya mwalimu Hossein Razizadeh, akawa miongoni mwa wanaotupwa chini zaidi ya wanaotupa. Lakini alirudi kila siku.

Mwaka 1951 alichaguliwa kwenda Helsinki, Finland, katika mashindano ya ubingwa wa dunia, akarudi na nishani ya fedha. Mwaka uliofuata, papo hapo Helsinki, akapata fedha nyingine katika Olimpiki. Kisha ukafika mwaka 1956. Katika michezo ya Olimpiki ya Melbourne, Australia, Takhti alinyakua nishani ya dhahabu kwa uzani wa kilo 87, na mwenziwe Emam-Ali Habibi akanyakua ya kilo 67. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Olimpiki kwa nchi ya Uajemi.

Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1959, mashindano yalipofanyika kwao Tehran, na tena mwaka 1961 huko Yokohama, Japani. Nchini mwake alishinda mara tatu bazuband, pambo la mkononi alilovishwa shujaa mkuu wa mieleka ya jadi. Watu wakampa lakabu ya Jahan Pahlavan, yaani shujaa wa ulimwengu, lakabu ambayo katika mashairi ya Firdausi ni ya Rustam.

Mtu aliyefikia daraja hilo huandamwa na kila jaribu. Inasemekana kwamba wenye biashara walimjia na fedha nyingi ili auze sura yake katika matangazo, na watu wa sinema nao wakamjia, naye akakataa. Hakuona kwamba sura ile ilikuwa yake peke yake. Ilikuwa ni ya mtaa uliomlea.

MGUU WA MEDVED

Sasa na tuyatazame mambo aliyoyafanya aliposhindwa, maana ushindi humpamba mtu yeyote.

Mwaka 1960 katika Olimpiki ya Rome, Takhti alishindwa na Ismet Atli wa Uturuki, akaambulia fedha. Mwaka 1962 alipanda uzani, akaenda katika mashindano ya dunia mjini Toledo, Marekani. Huko dhahabu ilichukuliwa na Alexander Medved wa Urusi ya Kisovieti, jitu la mtu ambaye baadaye alishinda dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo. Takhti akapata fedha.

Kuhusu wawili hawa kuna kisa ambacho kila mtoto wa Uajemi amekisikia. Husimuliwa kwamba Medved alipanda ulingoni siku moja akiwa ameumia goti la kulia, na habari hiyo ikamfikia Takhti. Mpigana mieleka yeyote ajua maana yake. Mguu mgonjwa ni mlango ulio wazi. Ukivutwa mara moja tu, mwenyewe huanguka kwa maumivu. Sheria za mchezo hazikumkataza kuushika. Waamuzi wasingesema neno. Hata hivyo, dakika zote za pambano Takhti aliuambaa mguu ule, akashambulia ule mzima tu. Pambano hilo hakulishinda.

Wengine watasema huo ni ujinga, kwamba aliwakosesha ndugu zake dhahabu. Lakini wale waliolelewa katika zurkhaneh walielewa mara moja. Walikuwa wamemwona Pahlawan Mahmud kwa macho yao.

Kisa kingine chamhusu Anatoly Albul, Mrusi mwingine. Takhti alipomshinda huko Moscow, inasimuliwa, alimwona mama yake Albul amekaa kwa majonzi. Akamwendea, akamwombea radhi kwa kumhuzunisha, akamsifu mwanawe mbele yake. Mama yule akambusu. Mshindi aliyeinama mbele ya mama wa mshinde! Ule mlango mfupi wa Khaniabad ulikuwa bado umo mgongoni mwake.

Nasi Waislamu hatuhitaji kwenda mbali ili kulifahamu jambo hili. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba nguvu hazipimwi kwa kubwaga watu mieleka, bali kwa kuimiliki nafsi wakati wa hasira. Wengi wetu tumeisikia hadithi hiyo msikitini. Walioiona ikitembea kwa miguu ni wachache.

ZILZALA YA BUIN ZAHRA

Tarehe 1 Septemba mwaka 1962, usiku, ardhi ilitetemeka katika jimbo la Qazvin, magharibi ya Tehran. Eneo la Buin Zahra liliharibika vibaya sana. Nyumba za udongo ziliwaangukia watu waliolala, na zaidi ya watu 12,000 wakafa.

Misaada ya serikali ilitolewa, lakini wananchi wengi hawakuwa na imani kwamba fedha zao zingewafikia walengwa. Hapo Takhti, mwenye nishani za dunia, akatoka mitaani kwa miguu. Alipita barabara moja hadi nyingine ya Tehran akiomba, sawasawa na mwombaji, kwa ajili ya waliofikwa na msiba.

Mji ukasimama. Wenye maduka walitoa fedha na mablanketi, maskini walitoa nguo zao. Yasimuliwa kwamba mwanamke mmoja mzee, asiye na kitu kingine, alilivua buibui lake akampa. Malori yakajaa, yakapelekwa Buin Zahra.

Mtu aweza kuuliza, je, hilo lahusu nini na mieleka? Lahusu sana. Kuomba mbele za watu ni jambo zito kuliko kuinua kilo mia. Bingwa aliyezoea kupigiwa makofi huona haya kunyosha mkono. Takhti hakuona haya, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa amefundishwa kwamba nguvu alizopewa zina deni, na wanaomdai ni wanyonge.

MWISHO WENYE UCHUNGU

Walakini si kila mtu aliyefurahia mapenzi yale ya watu. Takhti alikuwa mfuasi wa Muungano wa Kitaifa wa Dakta Mohammad Mossadegh, waziri mkuu aliyeyataifisha mafuta ya Uajemi mwaka 1951 na kupinduliwa Agosti mwaka 1953. Yeye hakuificha itikadi yake. Bingwa apendwaye na umati, na asiyetaka kuwa mtu wa Shah, huwa mwiba machoni pa watawala. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kubanwa na kutengwa.

Mwili nao ulikuwa unachoka. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 1964, alimaliza wa nne, bila nishani. Mwaka 1966 alioa, na mwaka uliofuata akajaliwa mtoto wa kiume.

Tarehe 7 Januari mwaka 1968 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli mjini Tehran. Alikuwa na umri wa miaka 37, na mwanawe alikuwa na miezi minne tu. Serikali ilitangaza kwamba amejiua. Maelfu ya wananchi hawakukubali. Walishuku mkono wa watu wa usalama wa Shah. Wengine waliomjua walisema kwamba alikuwa amelemewa na huzuni nyingi, za nyumbani na za nje. Ubishi huo haujaisha hata leo. Umati mkubwa ulimsindikiza hadi makaburi ya Ibn Babawayh, huko Rey, kusini mwa Tehran, na kila mwaka siku ya kufa kwake watu huenda kumzuru.

Hapa ndipo penye mtihani kwa msimulizi. Ingekuwa rahisi kukomea kwenye nishani na malori ya Buin Zahra, tukaufunika mwisho huu. Lakini kuuficha ni kumdhulumu msomaji. Ikiwa aliuawa, basi alidhulumiwa, na mwenye haki ni Mola wake. Ikiwa ni lile lililotangazwa, hilo ni jambo kubwa katika dini yetu, na hukumu ya kilichokuwamo moyoni mwake si yetu.

Lililo letu ni kujifunza. Mazoezi humjenga mtu, lakini hayamgeuzi kuwa jiwe. Mabega yale yaliyobeba huzuni za mji mzima hayakukosa huzuni yao wenyewe, na inawezekana kwamba kila mtu alipomtazama aliiona misuli tu, akadhani mwenye nguvu kama yule hahitaji kuulizwa hali. Mwenye nguvu naye huhitaji wa kumwegemea. Kijana anayefundishwa kuvumilia kila pigo afundishwe pia kusema pale anapoumia, na hilo si udhaifu. Hata katika shimo la zurkhaneh, anayeumia husimama, na wenziwe humshika mkono wakamtoa.

TUWAPELEKE WANETU WAPI?

Tukirudi kwa mzazi tuliyeanza naye, jibu lake sasa laonekana. Mieleka, judo na karate hazimfanyi mtoto kuwa mwema kwa zenyewe, wala hazimfanyi kuwa mhuni. Mwalimu na taratibu za nyumba ile ndizo zinazoamua. Mbinu zile zile zilizomfanya Takhti kuwa rehema zingeweza kumfanya mnyang'anyi wa Khaniabad, lau nyumba aliyoingia ingekuwa na mlango mrefu.

Kwa hiyo kabla hujatoa ada, mzazi mwenzangu, nenda ukakae pembeni jioni moja. Usitazame ni nani arukaye juu zaidi. Mtazame mwanafunzi aliye mnyonge kuliko wote, uone mwalimu anamtendeaje, na wenziwe wanamtendeaje. Tazama kama wakubwa wapewa heshima na wadogo wapewa zamu. Mtazame aliyeshindwa anavyoondoka, na aliyeshinda anavyompa mkono. Ukiona kicheko cha kejeli, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani. Ukiona adabu, mwache hapo, hata kama klabu yenyewe haina kikombe hata kimoja kabatini.

Na akirudi nyumbani usiku, viungo vyauma, usimwulize tu amemwangusha nani. Mwulize yeye mwenyewe yu hali gani.

Takhti alikuwa mwenye nguvu, na watu walimpisha. Lakini nchi nzima ilimpenda kwa sababu naye alijua kupisha: aliupisha mguu mgonjwa wa mpinzani, akayapisha machozi ya mama wa watu, akainama kwa ajili ya mayatima wa Buin Zahra. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape vijana wetu nguvu pamoja na akili ya kuzizuia. Amin.